Mawe Mawili Katika Mfuko Mmoja

(Mazungumzo ya redioni, yamepigwa chapa kwa ajili ya wasomaji wetu)

Somo: Mambo ya Walawi 19:13, 35-36, Kumbukumbu la Torati 25:13-16

Wewe uliye jikoni, wewe uliye kibandani ukingoja wateja, wewe uliyelala kitandani kwa ugonjwa, karibu. Tukae pamoja kwa dakika hizi chache, tulisikilize Neno la Mungu. Kama Biblia yako iko karibu, ifungue katika Mambo ya Walawi, sura ya 19. Kama iko mbali, sikiliza tu. Utasoma jioni pamoja na watu wa nyumbani mwako.

Leo nataka tuzungumze juu ya gorogoro.

Najua wengine wanacheka. Wanasema, "Huyu ameacha Injili, sasa anatuletea habari za soko." La, ndugu yangu, sijaiacha Injili. Ni Mungu mwenyewe aliyeleta habari za soko katika Biblia. Katika sura hiyo ya 19, mstari wa 35 na wa 36, Mungu anawakataza watu wake udanganyifu katika kupima urefu, uzito na wingi wa vitu. Anataka mizani iwe ya haki, mawe ya kupimia yawe ya haki, efa iwe ya haki na hini iwe ya haki. Kisha anatia sahihi yake chini ya amri hiyo: yeye ndiye Bwana aliyewatoa katika nchi ya Misri.

Basi tuulize: mawe hayo yalikuwa nini? Nayo yana habari gani nawe na mimi leo?

MFUKO WA MFANYA BIASHARA

Zamani za Musa hapakuwa na shilingi wala noti. Fedha ilikuwa ni madini tu, nayo ilipimwa kwa mizani. Ibrahimu aliponunua shamba la Makpela ili amzike Sara mkewe, hakuhesabu sarafu. Alimpimia Efroni shekeli 400 za fedha. Utaisoma habari hiyo katika Mwanzo 23:16. Shekeli ilikuwa ni uzito, kadiri ya gramu 11. Kwa hiyo mfanya biashara alitembea na mfuko mdogo wenye mawe yaliyochongwa, kila jiwe na uzito wake. Watu wanaochimbua mambo ya kale wameyapata mawe ya namna hiyo katika nchi ya Yuda, mengine bado yana alama ya uzito iliyochorwa juu yake.

Sasa fikiri kidogo. Ukitazama mawe mawili yanayofanana, je, macho yako yaweza kujua kwamba moja limepunguzwa kidogo? Hayawezi. Hapo ndipo hila ilipoingia. Mtu alitia mfukoni mawe mawili yanayofanana kwa sura, moja zito na moja jepesi. Alipopokea fedha ya mwenziwe alitoa lile jiwe zito, ili apokee nyingi. Alipolipa fedha yake alitoa lile jepesi, ili alipe kidogo. Mwenziwe alikwenda zake akidhani ametendewa haki.

Wakati wa nabii Amosi, yapata miaka 760 kabla ya Kristo, mchezo huu ulikuwa umeenea sana katika Israeli. Katika Amosi 8:5 twaona wafanya biashara walioketi siku ya Sabato, mwili uko katika ibada lakini moyo uko sokoni. Walikuwa wakiuliza siku takatifu itakwisha lini wafungue ghala, waipunguze efa na kuiongeza shekeli. Efa ilikuwa chombo cha kupimia nafaka. Wataalamu hukadiria kwamba kilichukua lita 22 hivi, yaani zaidi kidogo ya debe letu. Twaona basi kwamba efa ni dada yake debe, na gorogoro ni mtoto wao.

Tena angalia jambo moja katika Kumbukumbu la Torati 25:13. Mungu hakukataza kulitumia lile jiwe baya tu. Alikataza hata kuwa nalo mfukoni. Kwa nini? Kwa sababu mtu hachukui mawe mawili kwa bahati mbaya. Akiwa nayo mfukoni, amekwisha kuamua moyoni mwake kwamba kuna kipimo cha nafsi yake, na kuna kipimo kingine cha jirani.

HILA NI ILE ILE

Je, hila hii imekwisha? Enda sokoni uone. Mkebe wa kilo mbili uliokuwa wa mafuta ya kupikia sasa unapimia mahindi na maharagwe. Mmoja ameugonga kitako kwa nyundo mpaka kimeingia ndani. Mwingine ana mikebe miwili, mmoja wa kununulia na mmoja wa kuuzia. Na mwingine ana mkebe mmoja tu, lakini mikono yake ndiyo miwili: akinunua kwa mkulima anaikinga mikono kando ya mkebe, mahindi yapande kama kilima, akiuza kwa mama mwenye watoto wanne, anapitisha kijiti juu, chwa! yote yawe sawasawa na mdomo wa mkebe. Mkebe ni ule ule, bali moyo una vipimo viwili.

Wala tusiwaonee akina mama wa sokoni. Mkulima wa viazi anajua sana habari hii. Kwa miaka mingi mnunuzi amekuja shambani na gunia lililoshonewa kichwa cha wavu, akitaka lijazwe mpaka juu, naye analipa bei ya gunia moja. Mwaka 1999 mkulima alilia, mwaka 2009 akalia. Mwaka 2019 Serikali ya Kenya ilitoa kanuni kwamba gunia la viazi lisizidi kilo 50. Kanuni ni njema, tuishukuru. Lakini kanuni haiwezi kulala shambani ikilinda kila gunia. Palipo na mtu mwenye mawe mawili moyoni, atatafuta wavu mwingine.

Kuna na maziwa yanayoongezwa maji kabla ya mapambazuko. Kuna karani anayepima majani ya chai huku akiandika kilo pungufu. Kuna mizani mipya yenye namba zinazowaka, na fundi anayejua kuzifanya zidanganye. Mawe yamebadilika sura, lakini mfuko ni ule ule.

JIWE LANGU MWENYEWE

Ndugu msikilizaji, mpaka hapa labda unasema "Amina," kwa maana habari hizi zawagusa watu wengine. Hata mimi nilisema "Amina" mpaka Mungu aliponionyesha mfuko wangu. Nitakueleza habari hiyo, ingawa si ya kunipa sifa.

Miaka kadha iliyopita niliombwa kuhubiri kanisani petu juu ya maneno haya haya ya Walawi 19. Jumapili hiyo ilikuwa pia siku ya harambee ya kujenga kanisa. Nilijitayarisha vizuri. Wakati huo mama mmoja, mshirika wetu, alikuwa akinipalilia shamba la mahindi. Alipalilia siku 6. Jumamosi alasiri akaja mlangoni.

"Hodi, mzee. Nimemaliza palizi. Nimekuja kwa ile pesa."

Pesa zilikuwa katika mfuko wa koti langu. Lakini nilikuwa nimezipangia harambee, maana majina yangesomwa mbele ya watu, nami ni mzee wa kanisa. Nikamwambia, "Mama, njoo Jumatatu."

Akasema, "Haya, mzee," akaenda zake.

Jumapili nilihubiri kwa nguvu. Nilizungumza juu ya gorogoro, nikapiga meza. Niliwaona akina mama wa sokoni wameinamisha vichwa. Halafu nikatoa harambee yangu, jina langu likasomwa, watu wakapiga makofi. Ibada ilipokwisha nilisimama mlangoni kuwaamkia watu. Yule mama akaja, mtoto mgongoni. Akasema, "Tumebarikiwa, mzee." Nilipoweka mkono juu ya mtoto ili nimbariki, nikaona anawaka kama jiko.

Nikauliza, "Mama, mtoto ana nini?"

"Ni homa, mzee. Tangu Ijumaa."

"Na hujampeleka zahanati?"

Akanyamaza kidogo. Hakukasirika. Akasema tu, "Nilikuwa nangoja Jumatatu."

Wapendwa, sina maneno ya kuwaeleza jinsi nilivyojisikia. Nilitia mkono mfukoni, haukupata kitu. Fedha za mama yule zilikuwa katika kikapu cha harambee, kwa jina langu. Aliyetuokoa ni mmoja wa wale akina mama wa sokoni niliowapigia meza. Alifungua fundo la leso yake, akanikopesha fedha bila kuniuliza neno. Tukampeleka mtoto zahanati. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini angeweza asipone.

Usiku ule nilirudi katika Walawi 19 kutafuta mistari ya vipimo. Macho yangu yakaangukia mstari wa 13, ambao nilikuwa nimeupita mbio. Hapo Mungu anakataza ujira wa mtu wa kibarua kulala kwa tajiri wake mpaka asubuhi. Nikafungua Kumbukumbu la Torati 24:15. Hapo anaagiza kibarua alipwe siku ile ile, kabla jua halijatua, kwa kuwa ni maskini na moyo wake unautegemea ujira huo. Nikafungua Mithali 3:28. Hapo tunakatazwa kumwambia jirani aende akarudi kesho, hali kitu chake tunacho karibu nasi. Kila mstari ulikuwa kama unazungumza juu ya mlango wangu siku ya Jumamosi.

Ndipo nikaona mawe yangu mawili. Malipo yangu ya chai yakichelewa siku mbili, mimi ndiye wa kwanza kufika ofisini kuuliza. Hilo ni jiwe zito, la kupokelea. Mama wa watu akidai ujira wa siku 6, namwambia Jumatatu si mbali. Hilo ni jiwe jepesi, la kulipia. Sikuwa na gorogoro iliyogongwa kitako, lakini nilikuwa na mfuko.

JINSI YA KUICHUKUA AMRI MPAKA NYUMBANI

Watu wengi huniuliza, "Mhubiri, amri hizi za kale zilitolewa kwa watu wenye efa na hini. Sisi tuna lita na kilo. Tutazitumiaje?" Ni swali jema. Mimi hutumia maswali matatu, nawe waweza kuyaandika nyuma ya Biblia yako.

La kwanza: Amri hii ilimlinda nani? Usianze na chombo, anza na mtu. Mungu hakuipenda efa kama efa. Alimpenda yule mjane aliyekuja kununua nafaka, asiyeweza kujua kama chombo kimepunguzwa. Alimpenda kibarua asiye na akiba ya kesho.

La pili: Mtu kama huyo yuko wapi katika maisha yangu? Ni nani ambaye hawezi kuchungulia mizani yangu, ila ananiamini tu?

La tatu: Nitafanya nini leo, kabla jua halijatua? Amri ikiishia katika "nitajaribu siku moja," bado hujaitii.

Basi tuyajaribu maswali hayo katika mambo machache.

Tazama msichana anayefanya kazi nyumbani kwako. Anaamka wa kwanza, analala wa mwisho. Wewe kazini unajua saa zako, na ukizidishiwa unanung'unika. Je, saa zake ni nani anazihesabu? Mshahara wake unakatwa kikombe kikivunjika. Je, wako hukatwa? Hebu liangalie jiwe hilo.

Tazama kazi ya kuajiriwa. Mtu anafika ofisini, anatundika koti juu ya kiti ili ionekane yupo, kisha anakwenda mjini kwa shughuli zake mpaka saa nane. Mwananchi ametoka mbali, amelipa nauli, anaambiwa, "Ngoja, mwenyewe yuko karibu, koti lake si hili hapa?" Mwisho wa mwezi mwenye koti anataka mshahara kamili. Muda nao ni kitu cha kupimwa, wapendwa. Amri ya nane inakataza wizi, nayo haikuchagua kama kilichoibwa ni mbuzi au ni saa tatu za asubuhi.

Tazama simu uliyonayo mfukoni. Tangu mwaka 2007 tumezoea kutumiana pesa kwa simu hapa Kenya. Mara kidole cha mtu kinakosea namba moja, na pesa zake zinaingia kwako. Anapiga simu akilia. Wengine huzima simu. Wengine huzitoa upesi kabla hajapiga, halafu wanasema, "Mungu amenibariki." Ndugu yangu, soma Kumbukumbu la Torati 22:1-3. Mungu aliagiza kwamba mtu akiona ng'ombe wa ndugu yake amepotea, asijifanye hakumwona, bali amrudishe. Na kama mwenyewe hajulikani, amtunze mpaka atafutwe. Akataja na punda na mavazi na kila kitu kilichopotea. Simu haikuwapo, lakini kujifanya hukuona kulikuwapo. Ungekuwa wewe uliyekosea namba, ungetaka nini?

Tena tazama ulimi. Mtoto wangu akivunja dirisha la watu ninasema ni utoto. Wa jirani akivunja langu ninasema hana malezi. Nikichelewa mkutano wa kamati nilikuwa na shughuli. Mwenzangu akichelewa ni mvivu. Bwana Yesu alisema juu ya jambo hili katika Mathayo 7:2, akatuonya kwamba kipimo tunachowapimia wengine ndicho tutakachopimiwa. Na katika mstari wa 12 alifunga torati na manabii katika fundo moja: tuwatendee watu yale tunayotaka kutendewa. Huo ndio mwisho wa mawe mawili. Linabaki moja, kwangu na kwako.

"LAKINI, MHUBIRI..."

Nasikia mtu akisema, "Lakini, mhubiri, soko zima linafanya hivyo. Nikipima kwa haki, nitafilisika, na watoto wangu watalala njaa."

Sitakudharau kwa neno hilo. Najua kodi ya kibanda, najua ada za shule. Mtu anayesema uaminifu hauna gharama hajawahi kuuza nyanya. Mungu mwenyewe anajua kwamba una gharama, ndiyo sababu katika Kumbukumbu la Torati 25:15 aliwaagiza watu wake vipimo vya haki na papo hapo akaweka ahadi ya siku nyingi katika nchi aliyowapa. Hakuwaahidi faida kubwa Jumatatu. Aliwaahidi kuwa nao.

Lakini nakuuliza pia: bei yako umeipanga kwa siri au kwa wazi? Kama faida haitoshi, pandisha bei kidogo, mnunuzi aione, achague mwenyewe. Ukitaja bei ya juu kwa kipimo kamili, hujamwibia mtu. Ukitaja bei ya chini kwa kipimo pungufu, umemwibia huku ukimchekea. Biashara si dhambi. Giza ndilo dhambi.

Mwingine asema, "Mimi nimeibiwa na wakubwa, nikipunguza kidogo najirudishia tu." Ndugu yangu, aliyekuibia hayuko hapo mbele ya mkebe wako. Aliye mbele ya mkebe wako ni mama aliyeibiwa pia. Unalipiza kisasi kwa mtu mwingine.

Na mwingine asema, "Kwani hatuokolewi kwa neema? Kwa nini unaturudisha chini ya torati?" Hapo nataka unisikilize sana.

ALIYEWATOA MISRI

Ni kweli kabisa, tunaokolewa kwa neema, kwa njia ya imani. Hakuna gorogoro, hata ikijaa mpaka kumwagika, itakayomnunulia mtu mbingu. Lakini rudi katika Walawi 19:36 utazame ile sahihi ya Mungu. Hakuwaambia watu wapime kwa haki ili awatoe Misri. Alikuwa amekwisha kuwatoa. Wokovu ulitangulia, mizani ikafuata.

Tena fikiri, Misri waliteswa kwa nini? Soma Kutoka sura ya 5. Farao aliondoa majani ya kufanyia matofali, lakini hesabu ya matofali haikupunguzwa hata tofali moja. Hayo ni mawe mawili! Kutoa alitoa kwa jiwe jepesi, kudai alidai kwa jiwe zito. Waisraeli walipigwa na kulia chini ya vipimo viwili, Mungu akasikia kilio chao. Ndipo anawaambia: mimi niliyewatoa huko sitaki Misri nyingine kati yenu. Mtu aliyeokolewa akimwambia kibarua wake "njoo Jumatatu" hali fedha zimo mfukoni, amekuwa Farao mdogo. Na Yakobo 5:4 inasema kwamba ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hizo zinafika masikioni mwa Bwana.

Zakayo aliijua njia hii. Alikuwa mtoza ushuru, na mfuko wake ulijaa mawe mazito. Yesu hakumwambia arudishe kwanza ndipo aje kwake. Alimwita kutoka mtini, akaingia nyumbani mwake. Ndipo Zakayo akasimama akaahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Hakuna aliyempigia hesabu. Neema ilipoingia mlangoni, jiwe la uongo lilitoka dirishani.

Nasi katika Afrika ya Mashariki tumeliona jambo hili. Uamsho ulioanza huko Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, na kufika Kenya mwaka 1937, haukujulikana kwa nyimbo tu. Ulijulikana kwa watu waliorudisha vitu. Watu waliotubu waliwaendea matajiri wao, majirani na hata maofisa wa serikali, wakiwa na vitu vilivyoibwa miaka iliyopita. Wasioamini walishangaa, kwa maana mahubiri walikuwa wameyasikia mengi, lakini kuona jembe lililopotea linarudi lenyewe mlangoni, hilo lilikuwa jipya. Wazee wetu waliliita kutembea nuruni. Je, sisi watoto wao tumebaki na nyimbo tu?

KABLA JUA HALIJATUA

Pengine wataka kujua nilifanya nini. Jumatatu asubuhi sikungoja mama yule aje. Nilikwenda kwake mwenyewe. Nilimlipa ujira wake wote, nikaongeza gharama ya dawa, nikamwambia, "Mama, nimekukosea. Nilikaa na kitu chako nikakiita changu. Nisamehe." Alisema, "Nimekusamehe, mzee." Kisha nilikwenda sokoni, nikalipa deni la yule mwenye leso. Na Jumapili iliyofuata, kwa ruhusa ya mchungaji, nilisimama mbele ya washirika nikawaeleza fedha za harambee ile zilikuwa za nani. Hiyo ilikuwa mahubiri mafupi kuliko yote niliyowahi kutoa. Lakini jioni ile wanaume wawili walikuja kwangu, mmoja baada ya mwingine, wakitaka tuombe. Kila mmoja alikuwa na kibarua wake aliyeambiwa arudi kesho.

Na wewe, mpendwa, mfuko wako una nini? Huenda ni mkebe uliofichwa chini ya meza. Upeleke kwa fundi leo auponde kabisa. Usiuuze kwa mwingine. Au una deni la mtu aliyekufanyia kazi. Mpelekee, usingoje aje kubisha. Huenda ulimdhulumu mtu zamani, naye amehama au amekufa. Watafute watu wa nyumba yake. Wakikosekana, zungumza na mchungaji wako, zipatie fedha hizo njia ya kwenda kwa maskini. Na kama huna chochote cha kurudisha kwa kuwa ulikula chote, basi nenda kwa mwenyewe ukiri, mkubaliane kulipa kidogo kidogo. Bwana Yesu hadharau hatua ndogo, mradi inakwenda upande wa nuru.

Tuombe:

Ee Bwana Mungu wetu, wewe uliyetutoa katika utumwa, twakuja mbele zako na mifuko yetu wazi. Wewe unajua mawe yaliyomo. Tusamehe, kwa ajili ya Yesu Kristo aliyelipa deni letu lote bila kupunguza. Utupe ujasiri wa kurudisha, na unyenyekevu wa kuomba msamaha. Walinde wale wanaotuamini, wasipate hasara kwa mikono yetu. Katika jina la Yesu. Amina.

Haya, wasikilizaji wapendwa, saa yetu imekwisha. Bwana awabariki na kuwalinda. Kwaherini mpaka tutakapokutana tena.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Soma Mambo ya Walawi 19:9-18. Taja watu ambao Mungu anawalinda katika mistari hiyo. Ni nani kati yao anayeishi karibu nawe?

2. Kwa nini Kumbukumbu la Torati 25:13 inakataza hata kuwa na mawe mawili mfukoni?

3. Soma Luka 19:1-10. Ni nini kilichotangulia, Zakayo kurudisha mali au Yesu kuingia nyumbani mwake? Jambo hilo latufundisha nini?

4. Je, kanisa letu linawalipa walinzi, wafagiaji na mafundi wake kwa wakati? Kama sivyo, kikundi hiki kitafanya nini wiki hii?